Land Cruiser Kuukuu ya Shambani Ilivyorudi Njiani

Ilishushwa kutoka kwenye fuso saa kumi alasiri. Tairi mbili za mbele hazikuwa na upepo, taa ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kwenye bodi ya nyuma bado kulikuwa na maganda ya vitunguu. Toyota Land Cruiser 75, pikapu ya milango miwili, ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya Karatu na Mang'ola na magunia ya vitunguu, mbolea, mapipa ya maji na, usiku wa dharura, wajawazito. Gia boksi ilipogoma, mwenyewe aliiegesha chini ya mgrevilea, na ikakaa hapo miaka minne. Nilipokwenda kuitazama, kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva.

Nilikuwa na orodha mfukoni: matairi makubwa, bampa ya chuma, winchi, springi za kuinyanyua, snokeli, taa za juu ya kebini. Nilimkabidhi mzee wa gereji, fundi aliyezeeka kwenye magari ya watalii hapa Arusha. Aliisoma yote bila haraka, akaikunja, akanirudishia.

"Hii tutaisoma tena mwakani, mwanangu," alisema. "Lete maji na brashi ya waya. Tuoshe kwanza tujue umenunua nini."

Tuliosha siku mbili. Tope la Mang'ola lilikuwa limejibana kwenye kila pembe ya chesisi, gumu kama tofali. Chuma kilipoonekana, mzee alichukua nyundo ndogo akawa anagonga kuanzia mbele kwenda nyuma, hatua kwa hatua, sikio lake likiwa karibu. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti iliyokufa. Kila aliposikia sauti hiyo aliweka alama kwa chaki, na jioni ya siku ya pili tulikuwa na alama saba.

Nasimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu nimeona pikapu nyingi zilizojengwa kwa mpango wa kinyume. Zina matairi ya kutisha na taa za kumulika kijiji kizima, lakini ukiinama kutazama chini unakuta bushi zimekwisha na bomba la breki limeungwa. Gari la namna hiyo huwa zuri mbele ya hoteli. Likifika mahali ambapo msaada uko mbali kwa siku nzima, linamhatarisha aliyemo.

Kwa nini nihangaike na gari la umri huu? Toyota ilianza kutoa mfululizo wa 70 Novemba 1984, mrithi wa ile 40 ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa mlio wake. Pikapu ya 75 ilikuwa na chesisi ndefu ya kubebea mzigo, na mwaka 1990 ikapewa injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta. Pampu yake hupima mafuta kwa chuma na springi. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa waya mmoja tu, ule unaoshikilia valvu ya dizeli isijifunge. Ekseli za mbele na nyuma ni chuma kizima, na zote zimebebwa na springi za majani. Mwaka 1999 majani ya mbele yakaondolewa, zikaja koili, na gari likaitwa 79.

Zilizobaki ni zile zilizokwisha kuwa kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Kwa hiyo 75 ya leo utaipata kwenye shamba, kwenye misheni, kwenye yadi ya mradi uliokwisha zamani. Kila moja inayokatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu ni moja imepungua, na jambo hilo linaniuma.

Alama mbaya kuliko zote za chaki zilikuwa nyuma ya kebini. Hapo ndipo pikapu iliyozidishiwa mzigo huvunjikia: mzigo unakalia nyuma ya ekseli, injini inashikilia mbele, na chesisi inataka kujikunja katikati. Upande wa kulia kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Upande wa kushoto mtu alikwisha kuchomelea kiraka cha mraba, na ufa mpya ulikuwa umeanza palepale kando ya kiraka, kutoka juu hadi chini, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Mzee aliniita nitazame. Moto wa kuchomelea, alieleza, hubadilisha chuma cha pembeni yake. Ukichomelea kwa mstari wima kutoka juu hadi chini ya chesisi, umeionyesha mahali pa kukatikia. Alikisaga kiraka chote kwa grenda, akatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutembea, akauchomelea ufa wenyewe, kisha akakata bamba jipya lenye ncha mbili kama jani la mwembe na kulichomelea kwa ulalo. Ukingo wa juu na wa chini wa chesisi hakuugusa. Kazi hiyo ilichukua wiki nzima na mpita njia hawezi kuiona. Kati ya pesa zote nilizotumia, hizo ndizo ninazozifurahia zaidi.

Gia boksi tuliishusha, tukabadilisha beringi na meno ya gia ya tatu, tukapandisha. Klachi mpya. Hapo hapana la kusimulia sana.

Ekseli ya mbele ndiyo iliyonifundisha. Kwenye 75, nguvu kutoka kwenye difu hupitia shafti hadi kwenye kiungio cha duara kilicho ndani ya tufe la chuma, nyuma ya kila gurudumu. Kiungio hicho ndicho kinachoruhusu tairi likate kona huku likivuta. Tufe limejazwa grisi nzito, na kati yake na difu kuna sili moja ya mpira, kubwa kidogo kuliko sarafu. Sili ikichoka, oili ya difu huvuja na kuingia kwenye grisi. Grisi inageuka supu, supu inavujia nje kwenye breki, na kiungio kinabaki kikavu. Dereva hajui lolote mpaka siku anapokata kona juu ya jiwe akiwa kwenye gia ndogo na kusikia mlio wa kitu kilichovunjika.

Tulipofungua upande wa kushoto ilimwagika supu nyeusi kwenye karai. Upande wa kulia ilikuwa hivyohivyo. Beringi zinazobeba mgeuko wa gurudumu, moja juu na moja chini, zilikuwa zimechimbika vijishimo, na ndiyo sababu usukani ulikuwa unakwama katikati kama unaoingia kwenye mfuo. Nilikwenda mjini kununua seti mpya, nikarudi na boksi lenye maandishi mazuri. Mzee alizungusha beringi moja kwenye vidole, akaisogeza sikioni, akaiweka juu ya meza.

"Hii haifiki Mto wa Mbu."

Ilikuwa feki. Ilinilazimu kusubiri wiki tatu hadi seti ya kweli ilipopatikana. Kufunga beringi hizo kuna kipimo chake: unaweka vibati vyembamba kama karatasi hadi mgeuko uwe mzito kiasi kinachotakiwa, usilegee wala usibane. Mzee hupima kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ile ya wauza nyama mnadani. Anaifunga kwenye mkono wa usukani, anavuta taratibu, anasoma namba pale gurudumu linapoanza kugeuka. Aliongeza kibati, akapima, akaondoa, akapima tena. Kijana wake alisimama pembeni na tochi, akiangalia namba kimya. Nilifikiri juu ya maarifa mangapi ya namna hii yamekaa vichwani mwa wazee kwenye gereji za Arusha, mikono iliyorefusha chesisi na kufungua mapaa ya magari ya watalii, na ni machache kiasi gani yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kijana yule anaisoma.

Miezi tisa ilipita kabla ya orodha yangu kutoka tena mfukoni.

Tulianza na kuinyanyua. Watu wengi huamini kwamba springi ndefu hulipandisha gari lote juu ya mawe. Mzee alichukua chaki akachora sakafuni: ekseli, tairi, difu katikati kama tumbo. Springi hukaa kati ya ekseli na chesisi. Ukiziinua, unainua chesisi na kebini, lakini difu inabaki palepale, kwa sababu kimo cha difu kinategemea tairi peke yake. Na tairi ikiongezeka sentimita nane kwa kimo, difu hupanda nne tu, yaani nusu. Faida ya springi ni kulipatia tairi nafasi na kuiruhusu ekseli ijipinde, upande mmoja upande jiwe wakati mwingine umeshuka shimoni, tairi zote nne zikiwa bado zinagusa ardhi.

Hapo ndipo springi za shamba zinapokosea. Zilitengenezwa kubeba tani. Bila mzigo ni ngumu kama mbao, gari linaruka juu ya kila tuta, na tairi iliyo hewani haivuti kitu. Tulipunguza majani mawili ya chini kabisa nyuma, tukaweka springi mpya mbele zenye majani mengi na membamba, tukapandisha sentimita tano tu. Sentimita hizo tano zilidai malipo yake. Bomba za mpira za breki zilikuwa fupi kwa ekseli iliyoshuka, ikabidi zirefushwe. Gurudumu la mbele lilibadilika mlalo na usukani ukaacha kurudi wenyewe baada ya kona, ikabidi tuweke kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Propela ilisimama kwa pembe kali zaidi, tukakagua misalaba yake. Sentimita kumi zingedai zaidi ya mara mbili.

Tairi ni hesabu hiyohiyo. 75 ilitoka kiwandani na 7.50R16 kwenye rimu za vipande, zile zenye pete ya chuma ukingoni. Fundi pancha yeyote wa kijijini anaweza kuifungua kwa vyuma viwili na nyundo, na hilo ni jema. Lakini pete ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu, na sikutaka kijana yeyote wa barabarani achuchumae mbele yake kwa ajili yangu. Tuliweka rimu nzima za chuma na tairi za 235/85R16, ambazo kimo chake ni karibu sawa na zile za zamani. Jirani yetu gerejini alikuwa akifunga za inchi 35. Ni tairi nzuri. Ila ni ndefu kwa asilimia kumi hivi, na hiyo ni sawa na kuchukua difu yenye uwiano wa 4.1 na kuifanya 3.7. Gia zote zinapungukiwa nguvu ya kuvuta, na injini isiyo na tabo inaanza kuhema mlimani. Atahitaji meno mapya ya difu mbele na nyuma, na breki zile zile zitapaswa kusimamisha gurudumu zito zaidi.

Injini yenyewe tuliiheshimu. Nozeli zilipelekwa kupimwa, rejeta ikazibuliwa, mkanda wa taimingi ukabadilishwa bila kuuliza umetembea kilomita ngapi, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kichujio cha dizeli chenye bakuli la kukamata maji kiliongezwa. Rafiki zangu walinishauri niweke tabo. Sikukubali, na sababu yangu ni ya kiufundi. 1HZ huchoma mafuta yake kwanza kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi, na joto la ziada la tabo hukusanyika hapo. Hedi zilizopasuka kwa sababu hiyo zimejaa kwenye yadi. Gari hili linapanda polepole, na kwangu linatosha.

Kuna kifaa kimoja kisichopigwa picha na mtu: pumzi ya difu. Juu ya kila ekseli kuna kijitundu chenye kifuniko kinachoruhusu hewa kutoka oili inapopata moto. Sasa fikiria umeendesha saa tatu juani, difu inachoma mkono, kisha unaingia mtoni. Chuma kinapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na difu inavuta chochote kilicho karibu: maji, kupitia sili na kupitia kijitundu hicho. Siku ya pili oili imekuwa kama maziwa ya chai. Tiba yake ni mpira mrefu kutoka kwenye kijitundu hadi juu karibu na boneti. Unagharimu kidogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili. Snokeli nayo tuliweka, na kazi yake kubwa kwetu ni vumbi, kwa kuwa hewa ya juu ya kebini ni safi kuliko ya kando ya gurudumu. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Kinachokubali kupinda ni mkono wa pistoni.

Bampa na winchi vilikuja mwisho kabisa. Winchi inapaswa kuwa na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, na uwezo unaoandikwa juu yake ni wa kamba ikiwa imebaki tabaka moja tu kwenye ngoma. Kadiri kamba inavyojikunja juu ya yenyewe, nguvu hupungua. Kapi moja iliyofungwa kwenye mti, kamba ikarudi kwenye gari, huzidisha mvuto karibu mara mbili, na kwa pesa kidogo. Lakini bampa, winchi na batri ya pili vilikalia springi za mbele tulizozipima kwa makini, zikazama sentimita moja na nusu. Tulirudi chini kuongeza jani.

Kwenye difu ya nyuma tuliweka difloki ya Toyota ya mtumba, inayosukumwa na injini ndogo ya umeme. Bila hiyo, tairi moja ikining'inia hewani, difu hupeleka mzunguko wote huko, na tairi iliyo ardhini inakaa tu.

Wakati huo wote nilikuwa nikifuatilia Rhino Charge ya Kenya, shindano lililoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa umeme wa Aberdare. Uzio huo wa karibu kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009, na shindano likaendelea kwa ajili ya misitu mingine. Magari hupewa vituo 13 na saa kumi, na mshindi ni aliyefika vyote kwa kutembea umbali mfupi kuliko wengine. Mashine zao zimekatwa na kuundwa upya hadi hazifanani na kitu. Kilichonikamata macho ni vijana wanaokimbia mbele ya gari kwa miguu, korongo baada ya korongo, wakitafuta mahali ambapo jiwe litakubali tairi. Gari linalogharimu kiasi kile bado linaongozwa na mtu anayetembea.

Mwezi wa kumi na nne tuliondoka alfajiri, mzee akiwa upande wa abiria na kijana wake nyuma na vifaa. Mto wa Mbu, Engaruka, kisha vumbi la majivu chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 uliolipuka kwa mara ya mwisho kwa nguvu kati ya 2007 na 2008. Kabla ya Ngare Sero tulikuta korongo limejaa. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mahali ambapo hatukupaona. Maji ya kahawia yalipita kwa kasi, upana wa kiwanja cha mpira wa pete.

Mzee alishuka, akavua viatu, akakunja suruali, akakata fimbo. Alivuka akipima, akirudi, akisogea chini hatua kumi, akipima tena. Maji yalimfika chini ya goti upande wa juu, na juu ya goti pale ambapo alama za matairi ya magari mengine zilikuwa zimeingilia. Alituelekeza kwa mkono upande wa juu, kwenye kokoto. Kijana alishusha upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi 18, akazungusha loki za habu. Nilisubiri dakika ishirini difu zipoe ingawa pumzi zake zilikuwa juu, kwa kuwa mzee alisema nisubiri. Kisha gia ndogo, namba mbili, mguu umetulia. 1HZ iliunguruma kwa sauti yake ya chini. Tairi zilizolegea zilijilaza juu ya kokoto, gari likainama kulia, likasimama sawa, likapanda ukingo wa pili. Winchi haikufunguliwa.

Kwenye Ziwa Natron tulibaki kwenye njia. Gamba la magadi linaonekana gumu na chini yake ni tope lisilo na mwisho, na zaidi ya hapo ziwa hilo ndilo mahali pakuu ambapo heroe wadogo wa waridi huzalia katika Afrika Mashariki. Alama ya tairi pale hudumu misimu. Mtu aliyejenga gari linaloweza kwenda popote ana wajibu mkubwa kuliko wengine wa kuchagua asikokwenda, na natamani vilabu vya madereva vingelisema hili kwa sauti.

Tulirudi Arusha usiku wa siku ya tatu. Mzee hakwenda nyumbani. Alitaka magadi yatoke kwenye chesisi usiku uleule, kwa hiyo tulifungulia maji, kijana akashika tochi, na mimi nikaingia chini na brashi. Kiraka chenye umbo la jani kilikuwa safi, rangi haikuwa na mstari. Pumzi za difu kavu. Tulipomaliza, mzee alitandika kipande cha boksi chini ya kila gurudumu la mbele, tukaenda kulala.

Asubuhi, kwenye boksi la kushoto kulikuwa na tone moja, upana wa sarafu. Aliligusa kwa kidole, akanusa.

"Oili ya difu," alisema. "Sili ya kushoto. Lete jeki."